Zimwi Lililoingia Nyumbani: Kicheko katika Masimulizi ya Ziwa na katika Vibonzo vya Uingereza

Wahakiki wa fasihi simulizi katika Afrika Mashariki wamezoea kulitazama zimwi kama kiumbe cha kutisha. Katika vitabu vingi vya shule, na hata katika tasnifu za vyuo vikuu, zimwi hufafanuliwa kuwa ishara ya ulafi, ya uovu au ya adui wa jamii, na kushindwa kwake hutolewa kama funzo. Ufafanuzi huo una ukweli wake, lakini umesahau jambo ambalo kila aliyewahi kusimuliwa na nyanyake habari za Apul-Apul analijua, nalo ni kwamba zimwi huchekesha. Watoto husikiliza kwa hofu, ndiyo. Lakini hucheka kabla hadithi haijaisha, na aghalabu hucheka wakati zimwi lenyewe bado linazungumza. Makala haya yanakusudia kukirudisha kicheko hicho mbele ya wahakiki, kwa kulilinganisha zimwi la masimulizi ya Waluo wa ufuo wa Ziwa Victoria na zimwi lililochorwa katika majarida ya vibonzo ya Uingereza kuanzia mwaka 1964. Hoja yetu ni kwamba zimwi huchekesha pale linapoingizwa nyumbani na kupewa njaa, jamaa na majirani. Likitolewa humo na kupelekwa ofisini au darasani, hukoma kuchekesha hata kama umbo lake halikubadilika.

Yafaa tuanze Kisumu kwenyewe. Reli ilifika ufukoni hapa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Mji uliokua kandokando yake uligawanywa kwa rangi, kama ilivyokuwa desturi ya miji ya kikoloni: maofisa wa Kizungu walijengewa mahali palipoinuka, penye upepo wa ziwa, ndipo tunapopaita Milimani, Wahindi wakapewa eneo la maduka, na Waafrika wakaachwa pembezoni. Mtu aliyeketi kwenye baraza ya nyumba ya Milimani aliliona ziwa lote, lakini hakusikia yaliyosimuliwa usiku vijijini. Ni muhimu tukumbuke umbali huo tunaposoma yale ambayo watawala waliyaandika kuhusu madubwana ya eneo hili.

C. W. Hobley, aliyekuwa mtawala wa ngazi ya juu katika Kisumu ya miaka ya mwanzo, alichapisha mwaka 1913 makala kuhusu wanyama wasiotambulika wa Afrika Mashariki katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Humo tunasoma kwamba Sir Clement Hill, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, alipokuwa katika mashua ya mvuke karibu na mlima Homa, aliona kiumbe kikubwa kikitokeza majini na kujaribu kumnyakua mtu aliyeketi kwenye omo. Baganda walikuwa na jina la kiumbe wa ziwa wa namna hiyo: lukwata. Miaka mitatu kabla ya Hobley, Mmarekani Edgar Beecher Bronson alikuwa amechapisha kitabu chake cha safari za uwindaji, ambamo mwindaji John Alfred Jordan anasimulia jinsi alivyokutana na dingonek katika mto Maggori, yaani Migori ya leo. Mnyama huyo, kwa maelezo ya Jordan, alikuwa na urefu wa futi kumi na nne au kumi na tano, kichwa kikubwa kama cha simba jike, meno mawili meupe yaliyoshuka moja kwa moja kutoka taya la juu, mgongo mpana kama wa kiboko, magamba, madoa ya chui, na mkia mpana wa kuogelea. Magamba yenyewe yalifananishwa na ya mnyama wa bara la Amerika, ilhali kakakuona alikuwapo Afrika hii hii. Hilo peke yake latosha kutuonyesha msimulizi alikuwa akizungumza na hadhira gani.

Msomaji wa leo hawezi kuyasoma maelezo hayo bila kutabasamu. Dingonek ni kiraka: kipande cha simba, kipande cha chui, kipande cha kiboko. Hata hivyo Jordan na Bronson hawacheki, na Hobley naye hacheki. Kwa nini? Si kwa sababu mnyama wao anatisha zaidi ya Apul-Apul. Ni kwa sababu hana kwao. Hatuambiwi dingonek hula nini jioni, analala wapi, anamwogopa nani, wala mkewe humwambia nini arudipo mikono mitupu. Anatokea majini, anapigwa risasi, anatoweka. Yeye ni sampuli iliyokosa makumbusho, na mwandishi anaomba aaminiwe tu. Mahali ambapo msimulizi anaomba aaminiwe, kicheko ni hatari kwake.

Katika siwindhe mambo yalikuwa kinyume. Siwindhe ilikuwa nyumba ya bibi mzee, pim, ambamo watoto wa boma walilala na kufunzwa. Humo ndimo sigana zilimosimuliwa. Hakuna aliyeombwa kuamini. Msimulizi alifunga hadithi yake kwa kanuni ya kimapokeo ya kujitakia urefu wa mti ulio kwa mjomba, na kwa tamko hilo zimwi lilifungiwa ndani ya hadithi hadi usiku mwingine. Apul-Apul wa sigana ni mkubwa, ana nguvu na ana pupa. Lakini pia ni mjinga, na ujinga wake ni wa nyumbani. Anadanganywa kuhusu chakula. Anaaminishwa jambo ambalo mtoto yeyote aliyeketi pale anajua kuwa haliwezekani. Anayemshinda mara nyingi ni msichana au mtoto, si shujaa mwenye mkuki. Na msimulizi alikuwa na chombo ambacho kalamu ya Hobley haikuwa nacho, yaani sauti. Pim aliyelizungumzia zimwi kwa sauti nzito ya puani, akavuta pumzi kama linanusa, kisha akamjibia msichana kwa sauti nyembamba ya kubembeleza, alikuwa ameshamchora Apul-Apul bila wino.

Hapo ndipo tatizo la maandishi linapoanza. Sigana za Waluo zimepata wakusanyaji hodari. Onyango-Ogutu na Roscoe walitoa mkusanyiko wao kwa Kiingereza mwaka 1974. Asenath Bole Odaga, aliyefariki mwaka 2014, alitoa Thu Tinda mwaka 1980 na kitabu chake cha nadharia ya fasihi simulizi mwaka 1984, na akaendesha shughuli zake za uchapishaji hapa hapa Kisumu. Kazi yao haina kifani. Lakini sauti ya pim haikuweza kuingia kitabuni. Kinachobaki kwenye ukurasa ni matendo ya zimwi, na matendo yakikosa sauti yanafanana na mashtaka: alikula huyu, akamla yule, akauawa. Mwalimu anayekifungua kitabu hicho darasani hana la kufanya ila kuuliza, „Tunajifunza nini?” Jibu linajulikana kabla ya swali. Zimwi lililokuwa likichekwa limegeuzwa kuwa mwalimu msaidizi, na kwa maoni yetu hiyo ni adhabu kubwa kuliko kifo alichouawa hadithini.

Je, kuna fani iliyofaulu kulipeleka zimwi kwenye karatasi bila kulinyang'anya kicheko? Ipo, ingawa wahakiki wetu hawajaizoea kuiita fasihi. Majarida ya vibonzo ya Uingereza hayakuwa mageni Kenya. Yalisomwa katika nyumba za walowezi na za Waasia na katika shule za bweni, kisha yakapita mkono kwa mkono hadi kurasa zikalegea. Yaliandikwa kwa ajili ya watoto wa kule, hasa wa miji ya viwanda, na hayakudai heshima yoyote.

Mwaka 1964 kampuni ya Odhams ilianzisha jarida liitwalo Wham!, likiongozwa na ubunifu wa Leo Baxendale aliyekuwa ameihama kampuni ya D. C. Thomson ya Dundee. Ken Reid, aliyezaliwa mwaka 1919 na ambaye alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa kuwachora Roger the Dodger na baharia mwenye nuksi, Jonah, katika The Beano, akamfuata. Humo Reid akamleta Frankie Stein. Mtaalamu wa sayansi, Professor Cube, anamwundia mwanawe Micky rafiki wa kucheza naye. Rafiki anayetoka kwenye meza ya maabara ni jitu la kutisha, lenye nguvu zisizo na kipimo na moyo wa mtoto mchanga. Micky anampenda papo hapo. Baba anajuta papo hapo. Kuanzia hapo kila sehemu ya hadithi ni njama ya baba ya kumwondoa Frankie, na kila njama inamwangukia baba mwenyewe, huku Frankie akiwa hata hajui kwamba hatakiwi.

Jina linatupeleka moja kwa moja kwenye riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Lakini tazama Reid alichokifanya. Katika riwaya ile muumbaji anamkimbia aliyemuumba, na kiumbe huyo asiye na jina anazurura duniani akitafuta nyumba ya kumpokea. Msiba wote unatokana na kukosa makazi. Reid anaufunga mlango kabla kiumbe hajatoka. Frankie ana jina, ana chumba, ana ndugu wa kucheza naye. Muumbaji bado anataka kumkana kama katika riwaya. Tofauti ni kwamba sasa wanaishi pamoja, na mtu anayetaka kumfukuza anayeketi naye chini ya dari moja ni kichekesho, ilhali anayemkimbia porini ni mkasa. Mpaka kati ya tanzu hizo mbili ni ukuta wa nyumba. Apul-Apul anachekesha kwa sababu hiyo hiyo: hadithi inamchukua msichana hadi kwake, na sisi tunaliona zimwi likihangaika na mambo yale yale ya chakula na wageni yanayomsumbua mwenye nyumba yeyote.

Lipo jambo jingine la kulizingatia katika michoro ya Reid, nalo ni kwamba hakuilainisha. Nyuso zake zina chunusi, mishipa, meno yaliyopishana na macho yanayotaka kutoka. Mtoto anayemtazama Frankie wake anaona kitu ambacho kweli kingeweza kumponda mtu. Miaka ya 1970 Frankie alifufuliwa katika jarida la Shiver and Shake, lililodumu kuanzia Machi 1973 hadi Oktoba 1974, na akachorwa na Robert Nixon kwa mistari mviringo, safi na ya upole. Nixon alikuwa fundi mkubwa, na wasomaji walimpenda. Frankie akaendelea katika Whoopee!, na katika Monster Fun ya mwaka 1975 na 1976 akapewa hata cheo cha mhariri wa heshima. Hata hivyo tunathubutu kusema kwamba Frankie wa Nixon amepungukiwa. Amekuwa mwanasesere. Kicheko cha zimwi kinahitaji masalio ya hofu, kama vile pim asiyeweza kunguruma vizuri hawezi pia kuwachekesha watoto wake. Mzee anayesimulia Apul-Apul asiye na njaa ya kweli amesimulia habari ya mjomba mnene tu.

Shiver and Shake ilikuwa na ukurasa mwingine ambao kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi una thamani zaidi ya Frankie. Ulikuwa ukurasa wa nyuma, wa rangi, ulioitwa Creepy Creations. Kila juma lilichorwa dubwana moja zima, na mengi yalichorwa na Reid. Dubwana la kwanza lilikuwa na jicho moja na likapewa makazi yake Wigan, mji wa viwanda kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kisha watoto wakaalikwa kuleta madubwana yao wenyewe. Aliyefaulu alilipwa, na jina lake likachapishwa. Madubwana mengi yalibandikwa mahali maalum, kwenye mji fulani au mtaa fulani, kwa mzaha wa sauti za majina. Hapa ndipo tunaposikia mwangwi wa siwindhe. Hadhira inashiriki kuliunda zimwi. Zimwi lina kijiji chake. Na linatungwa upya kila juma bila mtu kuuliza lipi ni sahihi. Tukiliweka dingonek la Jordan katika ukurasa ule, pamoja na meno yake na madoa yake ya chui, likaitwa kwa jina la Migori, lingekaa kama lililokuwa likisubiri nafasi. Kilichohitajika ni mchoraji tu wa kuliondolea bunduki.

Kinaya ni kwamba mtoto aliyetuma wazo alitajwa jina, ilhali mchoraji kwa kawaida hakutajwa. Majarida hayo yalikuwa mali ya kampuni. Michoro ilinunuliwa, na mchoraji hakuwa na haki juu ya kiumbe chake. Baxendale, aliyefariki mwaka 2017, aliishtaki D. C. Thomson kuhusu haki za wahusika aliowabuni, na shauri hilo likachukua miaka kadhaa kabla ya kumalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Reid alifariki mwaka 1987 angali akichora Faceache, hadithi ya mvulana anayeweza kuukunja uso wake uwe wa dubwana lolote. Majina ya watu hawa yalikuja kujulikana kwa watu wengi kupitia juhudi za wapenzi wa vibonzo, na baadaye kupitia kampuni ya Rebellion, iliyonunua sehemu ya hazina hiyo mwaka 2016 na kuikusanya Creepy Creations katika kitabu mwaka 2018. Pim hakulipwa wala hakutajwa; mchoraji alilipwa bila kutajwa. Mhakiki anayedai kwamba fasihi simulizi ni ya „jamii” na fasihi andishi ni ya „mtunzi” angefanya vizuri kuchunguza vibonzo hivi, maana vinaubomoa mgawanyo huo.

Kenya nayo ilipata Mwingereza wake. Terry Hirst, mzaliwa wa Brighton mwaka 1932, alihamia Kenya mwaka 1965, akafundisha sanaa, na mwaka 1973 akaanzisha pamoja na Hilary Ng'weno jarida la Joe. Ng'weno aliondoka baada ya muda mfupi kushughulikia The Weekly Review. Joe likaendelea hadi mwaka 1979. Katika Joe hapakuwa na zimwi kwa maana ya sigana. Palikuwa na mtu wa kawaida wa mjini, kodi ya nyumba, chang'aa, na bosi. Lakini kanuni ilikuwa ile ile: dude kubwa lenye kula, ambalo safari hii ni jiji lenyewe, lilitazamwa kutoka mezani kwa mlaji mdogo. Hirst alisaini kazi zake na Wakenya walimjua kwa jina, na wachoraji wenzake wa Joe, akiwamo Edward Gitau ambaye Juha Kalulu wake alikuwa akiwachekesha wasomaji wa Taifa Leo, nao walijulikana. Katika hili Nairobi iliitangulia London.

Miaka ya 1980 Hirst aligeukia masimulizi ya jadi kupitia mfululizo wa Pichadithi, uliotolewa na Kul Graphics, na ambao Frank Odoi, mchoraji kutoka Ghana aliyeifanya Nairobi kuwa nyumba yake, alikuwa mmoja wa wachoraji wake. Miongoni mwa masimulizi yaliyochorwa humo ni lile la Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, ambaye siri ya kivuli chake ilifichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Uteuzi huo unaeleweka. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na masimulizi ya Kiafrika yawekwe katikati ya masomo, kila aliyeyagusa masimulizi hayo alihisi mzigo wa heshima. Shujaa ana heshima. Okoiti Omtatah naye alimchukua Lwanda Magere akamtungia tamthilia mwaka 1991. Hakuna aliyeona haja ya kumtetea Apul-Apul.

Tusieleweke vibaya. Waluo wenyewe hawavichanganyi viumbe hivi. Lwanda Magere ni wa visakale, na jiwe lake huoneshwa hadi leo, hachekwi. Mwaka 1987, chatu aliyeitwa Omieri alipoungua kwa moto wa nyasi huko Nyakach na hatimaye akafa, wazee waliomboleza na taifa zima likalizungumzia jambo hilo, kwa kuwa Omieri huhusishwa na mvua na mavuno. Mchoraji ambaye angemvalisha Omieri kofia na kumpa kiko angekuwa amekosea utanzu kabla hajakosea adabu. Lakini Apul-Apul hana kaburi, hana jiwe, hana mvua anayoileta. Aliumbwa achekwe. Kumtendea kwa heshima ile ile anayotendewa Lwanda Magere ni kutoyasoma masimulizi yake.

Odoi alifariki mwaka 2012, Hirst mwaka 2015, Ng'weno mwaka 2021. Idara zetu zinaendelea kuliweka zimwi katika somo la fasihi simulizi na vibonzo katika somo la uandishi wa habari, iwapo vinafundishwa kabisa, na mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu inayoyashika yote mawili hana msimamizi wa kumwendea. Kwa hiyo atakayetaka kumchora Apul-Apul kwa namna Reid alivyomchora Frankie atajikuta peke yake mbele ya maswali ambayo sauti ya pim haikulazimika kuyajibu. Zimwi lina meno mangapi? Limevaa nini? Linapoketi kula, linaketi kitini, kigodani au sakafuni, na chungu chake kinatoka soko gani? Katika siwindhe kila mtoto alijibu maswali hayo gizani kwa namna yake, na Apul-Apul mmoja akawa kumi na wawili. Kwenye karatasi lazima awe mmoja. Na huyo mmoja itabidi mtoto wa Nyalenda na mtoto wa Milimani wamtazame wote wawili na kumtambua.